Mgeni mjini, gitaa mkononi: nafasi za kupiga laivu zinapatikanaje?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwimbaji na mpiga gitaa. Nimehamia nchi ya kigeni kwa masomo ya uzamili ya miaka miwili. Nilikotoka nilikuwa na bendi na tulipanda jukwaani kila wikiendi. Huku hakuna anayenijua. Nimeziandikia kumbi nyingi barua pepe na karibu zote zimekaa kimya. Moja tu imenijibu: nitapewa dakika thelathini nikiuza tiketi ishirini, na zitakazobaki nizilipe mwenyewe. Nikubali? Na kama si hivyo, sisi wageni tunapataje nafasi za kupiga laivu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. La tiketi tulimalize kwanza, maana huenda wanasubiri jibu lako. Usikubali. Utaratibu wa kumbebesha mwanamuziki tiketi upo sehemu nyingi. Japani umezoeleka hadi una jina, noruma, na bendi changa za Tokyo huuhesabu kama gharama ya kawaida ya kuanza kazi. Lakini hao wana watu waliosoma nao, binamu na majirani wa kuwauzia. Wewe umefika juzi, na tiketi ishirini mikononi mwa mtu asiye na jamaa mjini ni deni tu. Mwenye ukumbi huyo hajanunua muziki wako, amekupangisha jukwaa kwa nusu saa. Mjibu kwa adabu kwamba kwa sasa huwezi kubeba tiketi, ila uko tayari kufungua onyesho la bendi nyingine kwa mgawo wa mlangoni, yaani sehemu ya kiingilio. Akikataa, hujapoteza kitu.

Sasa huo ukimya. Nimepanga ratiba za kumbi kwa miaka mingi, kwa hiyo nausema upande wa yule asiyekujibu. Ukumbi mdogo unaishi kwa kiingilio na mauzo ya baa. Anayepanga ratiba anapofungua barua yako hajiulizi kama unaimba vizuri. Anajiuliza Alhamisi ile isiyo na mtu itajaa watu wangapi. Mgeni hana jibu la swali hilo, na sauti nzuri peke yake hailijibu. Ndiyo maana hata barua iliyoandikwa kwa ufasaha inalala pale pale. Kinachomfanya anyanyue simu ni kusikia jina lako kutoka kwa mtu anayemwamini, na mtu huyo karibu kila mara ni mwanamuziki aliyepiga kwake wiki iliyopita.

Kwa hiyo kwa miezi ya mwanzo acha kutafuta jukwaa. Tafuta wanamuziki.

Hii njia ni ya zamani. Remmy Ongala alipotoka Zaire kuja Dar es Salaam mwaka 1978 hakuanza na bendi yake. Aliingia Orchestra Makassy, iliyokuwa ya ndugu yake wa ukoo, na Super Matimila iliyomjengea jina ikaja baadaye. Mpiga gitaa Mmarekani Jimi Hendrix alitua London tarehe 24 Septemba 1966 akiwa na viza ya siku chache isiyomruhusu kufanya kazi. Usiku huohuo alikuwa anapiga gitaa mbele ya watu kwenye klabu ya Scotch of St James, na tarehe 1 Oktoba akapanda jukwaani pamoja na bendi ya Cream. Aliyemleta, Chas Chandler, alikuwa mpiga besi wa bendi ya The Animals, na alijua wa kuonyeshwa mgeni wake kwanza ni wapigaji wenzake. Wenye kumbi walifuata.

Mantiki yake ni nyepesi. Kila bendi inayofanya kazi mara kwa mara ina shida moja isiyokwisha: leo mpiga rithimu anaumwa, kesho mwimbaji wa pili ana harusi ya dada yake, na onyesho liko palepale. Wanahitaji deiwaka, tena haraka. Anayepigiwa simu si lazima awe fundi kuliko wote mjini. Ni yule wanayekumbuka kwamba anafika mapema, anazijua nyimbo na simu yake inapatikana. Wageni wengi niliowaona wakisimama vizuri ugenini waliingia kwa mlango huo, wakapiga nyimbo za watu kwa miezi, na kufikia hapo tayari walikuwa na wapigaji wa kuwasindikiza kwenye nyimbo zao wenyewe.

Utawapata wapi? Karibu kila mji wenye muziki una usiku wa kupiga pamoja, wenyewe wanauita jamu, ambapo bendi ya wenyeji inafungua kisha wengine wanaitwa mmoja mmoja. Klabu ya Smalls ya New York inajulikana dunia nzima kwa jamu zake za usiku wa manane, na A-Trane ya Berlin vivyo hivyo. Miji midogo ina zake kwenye baa ambayo hujawahi kuisikia. Kuna pia usiku wa jukwaa huria, ambapo yeyote anajiandikisha na kupiga nyimbo mbili tatu. Kwa mwimbaji mwenye gitaa lake, jukwaa huria ndilo rahisi zaidi kuingia, lakini jamu ndiyo inayoleta kazi, kwa sababu kwenye jukwaa huria unasikilizwa na watu wanaosubiri zamu yao, na kwenye jamu unasikilizwa na watu unaopiga nao.

Nenda mara ya kwanza bila kupiga. Kaa, sikiliza, jua wanapiga nyimbo gani na kwa ufunguo gani. Kila aina ya muziki ina kanuni zake ambazo haziandikwi ukutani. Kwenye vikao vya muziki wa asili wa Ireland, kwa mfano, magitaa mawili kwa wakati mmoja ni fujo. Kama yupo mpiga gitaa tayari, unaomba ruhusa au unasubiri. Kwenye jamu ya jazi hutegemewi kumaliza dakika kumi kwenye solo huku wapigaji wengine sita wamesimama pembeni. Mara ya pili, fika mapema, jiandikishe kwa anayeongoza, nunua kinywaji (ukumbi unahesabu hilo kuliko unavyodhani), na uchague wimbo ambao bendi inaweza kuushika bila mazoezi. Wimbo wako mgumu wenye mapigo saba uuache kwa siku nyingine. Ukitaka kuleta wako, chapisha karatasi yenye mpangilio mzima kwa kila chombo, isomeke hata kwenye mwanga hafifu.

Jambo dogo linaloaibisha wengi: jina la ufunguo halifanani kila nchi. Ufaransa, Italia na Hispania watakutajia kwa do, re, mi. Ujerumani, B unayoijua wewe huitwa H, na wakisema B wanamaanisha ile iliyoshushwa nusu sauti. Jifunze hayo kabla hujasimama mbele ya bendi.

Kisha baki hadi mwisho. Watu wanaopiga na kuondoka mara moja hawakumbukwi. Namba za simu hubadilishwa wakati wa kukunja nyaya, si wakati wa makofi. Rudi wiki inayofuata na ile ya pili yake, mahali palepale. Sehemu moja unayoonekana kila wiki inakufaa kuliko sehemu tano unazopita mara moja moja.

Na wewe ni mwanafunzi, mtaji ambao naona hujauhesabu. Chuo kina vyumba vya mazoezi, kwaya, bendi za wanafunzi, redio ya chuo, na hafla zisizoisha zinazotafuta mtu wa kuimba. Kama kuna idara ya muziki, nenda ukasome matangazo yake hata kama unasomea uhandisi. Makanisa na vikundi vya jumuiya nako kuna wapigaji wazuri kuliko watu wanavyofikiri, na baadhi yao siku za kawaida ndio wanaopiga kwenye klabu.

Lakini kabla ya senti ya kwanza kuingia mfukoni, soma kibali chako cha ukaazi. Hapa nakuomba usichukulie juu juu. Viza ya mwanafunzi mara nyingi inaruhusu saa kadhaa za kazi kwa wiki, na watu hudhani kupiga muziki kumo humo. Si lazima. Uingereza, mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri wala kuajiriwa kama mtumbuizaji, hata kama saa zake za kazi hazijaisha. Ujerumani, mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa siku 140 kamili au nusu siku 280 za ajira kwa mwaka, lakini kujiajiri, ambako ndiko maonyesho mengi yalipo, kunahitaji ruhusa ya ofisi ya wageni. Marekani, mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, hafanyi kazi nje ya chuo bila idhini. Wala usidhani kupiga bure kunakuweka salama kila mahali: nchi nyingine huangalia kazi yenyewe, si pesa. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako hujibu maswali haya bila malipo. Waulize kwa maandishi na uhifadhi jibu lao. Ikiwa nchi yako hairuhusu, jamu na shughuli za ndani ya chuo bado zinaweza kuwa wazi kwako, nazo waulize. Viza ukishaibadilisha, majina ya watu utakuwa nayo tayari.

Baadaye, ukianza kuitwa nchi ya jirani, kuna mtego mwingine. Kibali cha ukaazi cha nchi moja ya Schengen, zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kinakuruhusu kutembelea nyingine hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Kutembelea, si kufanya kazi. Haki ya kupiga kwa malipo inategemea sheria ya nchi unayoingia. Ujerumani kuna ofisi ya habari iitwayo touring artists, Uingereza kuna Arts Infopoint UK, na kwa Marekani kuna Artists from Abroad, zote zikielezea wasanii wageni mambo ya viza na kodi. Ziara ya Marekani ni mlima peke yake: mwombaji si wewe, ni mwajiri au wakala aliyeko huko, na kundi linaloombewa viza ya P-1, ile ya makundi yanayojulikana kimataifa, lazima angalau asilimia 75 ya wanachama wake wawe wamepiga nalo mwaka mzima. Ipo P-3 kwa sanaa ya asili ya utamaduni fulani, ambayo wanamuziki wa ngoma na muziki wa jadi huisahau. Uingereza nako, tangu 31 Januari 2024, mtaalamu aliyealikwa anaweza kulipwa kwa onyesho akiwa na viza ya kawaida ya mgeni, mradi mwaliko umepangwa kabla ya safari na kazi ifanyike ndani ya siku 30 za kuingia. Hiyo ni kwa wageni wanaopita, haikuhusu wewe uliye na viza ya masomo.

Tuseme karatasi ziko sawa. Kazi ndogo zenye malipo usizitafute kwenye klabu peke yake, kwani klabu ndiyo yenye foleni ndefu na pesa kidogo. Maktaba, makumbusho, nyumba za wazee, vituo vya utamaduni kama Goethe-Institut na Alliance Française, mikutano ya vyuo, harusi: huko bajeti huwa imepangwa mapema na waombaji si wengi. Maonyesho ya sebuleni nayo yamekua. Sofar Sounds ilianza London mwaka 2009 kwa wazo la watu wachache kukaa kimya na kusikiliza, na sasa iko miji mingi duniani. Malipo yake si makubwa, ila kwa mwimbaji mwenye gitaa ni mahali pa kupata video nzuri. Mtaani pia si aibu, lakini uliza kwanza kibali cha mji. Ndani ya treni za chini ya ardhi za London kuna mpango wa leseni tangu mwaka 2003, Paris kuna majaribio ya usaili tangu mwaka 1997, na New York una mpango wake tangu miaka ya 1980. Sehemu hizo zinagombewa, na waliopita usaili hulitaja jambo hilo kwenye wasifu wao kwa haki kabisa.

Kuna suala la kuitwa kwa sababu ya ugeni wako. Utaalikwa kwenye usiku wa tamaduni, mwezi wa utofauti, siku ya chakula cha dunia. Wengine hukataa kwa hasira. Mimi nakushauri uende, lakini kwa masharti yako: jina lako liandikwe kwenye bango badala ya jina la bara lako, ulipwe kama wanavyomlipa mpiga piano wa mjini, na uimbe unachoimba siku zote. Wakikuomba uje na vazi fulani ambalo hujawahi kulivaa jukwaani, hiyo ni dalili kwamba hawajasikiliza hata wimbo wako mmoja. Kazi za namna hii hulipa vizuri mwaka wa kwanza. Ukizitegemea hadi wa tatu, wapanga ratiba watakuwa wamekuweka kwenye kabati la sherehe, na kutoka humo ni kazi.

Ukishaanza kuonekana, ndipo urudi kwenye barua pepe, safari hii ikiwa na kitu ndani yake. Andika mistari sita, kwa lugha ya wenyeji, hata ukisaidiwa na rafiki. Mstari wa kwanza utaje mtu: "Nilipiga na bendi ya fulani kwenu tarehe fulani." Kisha muziki wako kwa sentensi moja, kiungo kimoja cha video, tarehe mbili au tatu unazoweza, na bendi ya mjini ambayo uko tayari kugawana nayo usiku. Hilo la mwisho ndilo linalojibu lile swali la watu wangapi watakuja. Video iwe ya laivu, dakika moja hadi tatu, bila kukatwakatwa, watu waonekane au angalau wasikike. Video ya studio yenye magari na mavazi mpanga ratiba haimsaidii, kwani haimwambii utafanya nini mikrofoni ikikoroma. Kumbi ndogo hupanga miezi miwili mitatu mbele. Matamasha hufunga milango mapema zaidi, mara nyingi nusu mwaka au mwaka mzima kabla. Masoko makubwa ya muziki kama WOMEX, lililoanza Berlin mwaka 1994, yaweke pembeni kwanza, kwa sababu pale wanauziana ziara, na mtu asiye na maonyesho mjini kwake hana cha kuuza.

Makubaliano yawe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha kwa kuanzia: tarehe, dakika utakazopiga, kiasi, siku ya kulipwa, nani analeta spika na mikrofoni, nani analipa nauli. Kama ni mgawo wa mlangoni, uliza unaanza na mtu wa kwanza au baada ya gharama kutolewa, na gharama hizo ni kiasi gani. Maneno "baada ya gharama" yamekula usiku mwingi wa watu. Kwa harusi na hafla binafsi, omba kishika uchumba kabla ya kufunga tarehe. Vyama vya wanamuziki husaidia sana hapa. Musicians' Union ya Uingereza, iliyopo tangu mwaka 1893, huwapitishia wanachama mikataba yao na kuwapa bima ya dhima kwa umma (inayolipa ukimuumiza mtu au kuharibu mali yake) ya pauni milioni 10, ambayo kumbi na halmashauri nyingi huidai kabla hujapanda jukwaani. Uliza kama nchi uliyopo ina chama kama hicho, na kama kinapokea wanafunzi.

Kodi nayo inabadilika kulingana na unakoishi. Ukiwa mkaazi wa nchi, kwa kawaida unatangaza mapato yako kama mkaazi mwingine yeyote. Ukivuka mpaka kwenda kupiga, nchi ya onyesho ina haki ya kukutoza kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, hata kwa usiku mmoja. Marekani huanzia asilimia 30 ya malipo yote kabla ya gharama. Uingereza ni 20, malipo yakivuka kiwango cha msamaha. Ujerumani ni 15 pamoja na nyongeza ndogo juu yake, isipokuwa malipo yasiyozidi euro 250 kwa onyesho. Dai hati ya makato kila mara. Bila hiyo hutaweza kuonyesha nyumbani kwamba ulishalipa.

Gitaa lenyewe nalo likague kabla ya kuvuka. Mbao za jamii ya mpingo na rozwudi ziliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2017, na mwishoni mwa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikasamehewa, isipokuwa vyenye rozwudi ya Brazil. Kama ni gitaa la zamani ulilorithi, mwulize fundi ni mbao gani.

Na kuna pesa ambayo wageni wengi huiacha mezani: mirabaha ya nyimbo zako mwenyewe. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget alikataa kulipia kinywaji chake kwenye mkahawa mmoja wa Paris kwa sababu ulikuwa unapiga nyimbo zake bila kumlipa. Kesi ikaenda mahakamani, akashinda, na mwaka 1851 SACEM, chama cha Ufaransa cha kuwakusanyia watunzi mirabaha yao, ikaundwa. Leo kumbi nyingi hulipia leseni ya muziki, lakini chama cha mirabaha hakiwezi kujua kwamba Alhamisi ile uliimba nyimbo zako tano mpaka umekiambia. PRS ya Uingereza na GEMA ya Ujerumani hupokea orodha za nyimbo zilizopigwa, na Marekani ASCAP na BMI zina utaratibu wa watunzi kuripoti maonyesho yao hata ya kumbi ndogo. Unatakiwa uwe mwanachama wa chama kimoja, hata cha nchi uliyotoka kama kina mkataba na hicho cha huko, na nyimbo ziwe zimesajiliwa kabla. Siku ya onyesho andika jina la ukumbi na anwani yake, tarehe, majina ya nyimbo, watunzi na muda wa kila wimbo, kisha uwasilishe kabla ya mwisho wa muda wa chama chako. Bango la onyesho lihifadhi pia, maana ukumbi mdogo unaweza kufungwa kabla malipo hayajafika na ukahitaji kuthibitisha kwamba ulipiga.